Chumba cha Ndagala

Kiangazi kile vumbi la Bujumbura halikutua. Liliamka na watu, likashinda juu ya mabati, na jioni likalala juu ya ziwa kama shuka lililokosa mwenye kulikunja. Ndani ya vumbi hilo alitembea Daphrose, msichana mwenye mikono inayonukia mvuke na nguo safi, akitafuta mlango.

Mlango mmoja tu. Wa mbao, wa bati, wa mabanzi yaliyogongwa misumari. Mradi ufunguke kwa mkono wake, ufungwe kwa mkono wake.

Mchana kutwa alipiga pasi kwa dobi mmoja kule Asiatique, kati ya maduka. Mashati ya watu aliyanyoosha, yakanyooka. Usiku alilala Nyakabiga, sebuleni kwa mama yake mdogo, Amélie, juu ya mkeka uliokunjwa kabla wenye nyumba hawajaamka. Hapo ndipo alipopokelewa vita vilipomwachia jina tu. Baba yake alikuwa Mhutu, mama yake Mtutsi. Waliishi chumba kimoja, wakazikwa vilima viwili.

Lakini jirani ana macho, na vita vina masikio. Jioni moja Gélase, mume wa Amélie, alisukuma sahani yake kando kabla hajashiba.

"Daphrose, mwanangu," alisema, "watu wameanza kuniuliza we uko mutoto wa nani. Mi sikufukuzi. Ila niko naogopa."

Hakupaza sauti. Hakumtazama pia. Amélie aliinamia ungo, akaendelea kuchambua maharage yaliyokwisha kuwa safi.

Daphrose hakuwachukia. Nani angemchukia mtu kwa kuogopa, mwaka ule, katika mji ule? Alfajiri alikunja mkeka, akatoka kutafuta mlango.

Alikwenda Kamenge, mtaa wa Wahutu, ambako nyumba zilikuwa zikirudishiwa mabati na kuta zikirudishiwa matofali. Mwenye nyumba alimpima urefu kwa macho, akaipima pua yake, akaona uso wa mama yake. "Chumba kimepata mutu," alisema.

Alirudi Nyakabiga, kwa Watutsi, akajaribu mtaa wa nyuma. Mama mmoja alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwuliza jina la baba yake na kilima chake. Alipolisikia jina, akakumbuka ghafla: "Pole, dada. Chumba kimepata mutu."

Kwingine hawakuuliza baba wala mama. Walitaka garanti ya miezi kadhaa, ilipwe mbele, mkononi. Na yeye mshahara wake ulikuwa wa juma kwa juma, ukija umekwisha kuliwa.

Chumba kimepata mutu. Chumba kimepata mutu. Alirudi kwenye pasi yake na maneno hayo yakimfuata kama kivuli, akainamia kola ya shati la mtu asiyemjua, akawaza: na mi je, mi si mutu?

Mwenzake kwa dobi, Sijaona, aliyefua nguo ambazo Daphrose alizipiga pasi, ndiye aliyemwambia. "Nenda Buyenzi, kwa Waswahili. Kuko mama mumoja, Mwanvua, anauza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo, mafuta ya mitumbwi hakuna, na askari wamekataza kuvua usiku. Stoo yake ya samaki iko bule, haina kitu."

Mwanvua alikuwa mjane mwenye kauli fupi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mtandio begani, na hakuinuka.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Musichana peke yake. Watu watasema."

Hata hivyo alichukua ufunguo. Mlango ulipofunguka harufu ilitangulia kutoka, kama mwenyeji anayewahi wageni: harufu ya ziwa lililokauka, ya chumvi, ya magunia. Dirisha lilikuwa dogo, kiasi cha kupitisha paka. Sakafu ilikuwa nyeusi. Lakini mlango ulikuwa wa mbao nzito, na kwa ndani ulikuwa na komeo.

Mwanvua aligeuka, akafungua kinywa kuuliza. Na Daphrose, aliyechoka kulingoja swali lile, alilijibu kabla halijazaliwa.

"Mama, baba yangu alikuwa Muhutu. Mama yangu Mututsi. Wote wamekufa. Kama hautaki, uniambie sasa, niende."

Mwanvua aliuzungusha ufunguo mkononi. Uani kuku alikuwa akiparua vumbi.

"Mi sikutaka kuuliza ile," alisema. "Nilitaka kuuliza, harufu ya ndagala utaiweza?"

Daphrose alivuta pumzi ya chumba kile. "Nitaiweza."

"Utalipa kila juma?"

"Kila juma."

"Na wanaume?"

"Mi nataka mulango tu, mama."

"Basi lete fagio."

Alisugua kwa majivu, akasugua kwa ndimu, akamwaga maji mpaka sakafu ikakumbuka rangi yake. Magamba madogo ya samaki yalikataa kutoka kwenye nyufa za ukuta. Jua lilipochungulia dirishani, ukuta ule wa maskini ulimeta.

Siku ya kuhama, Gélase mwenyewe alimbebea godoro kuukuu alilopewa na Amélie. Karani wa ofisi, na tai yake shingoni, alivuka mtaa kwa mtaa na godoro kichwani, mbele ya watu wale wale waliokuwa wakimwuliza. Aliliweka chini, akafuta jasho. "Ni chumba kizuri," alisema, na safari hii alimtazama.

Jua lilipozama, risasi zilianza kulia milimani. Daphrose alifunga komeo lake, akakaa sakafuni, akauegemeza mgongo wake mlangoni. Aliogopa. Na katikati ya hofu alisikia kitu kingine, kidogo, kitamu, alichoona haya kukiita furaha.

Nyayo zikasogea uani, zikasimama. Nyumba ilikuwa ya Mwanvua, ua wake, ukuta wake. Angeweza kugonga na kuamuru. Hakugonga.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya chini. "Hodi, mwanangu. Niko naogopa peke yangu."

Maisha yake yote neno hodi lilikuwa limetoka kinywani mwa Daphrose kwenda kwenye milango ya wengine. Hakuna aliyewahi kumletea. Alisimama. Mkono wake ulilitafuta komeo gizani, ukalivuta.

"Karibu, mama," alisema. "Karibu kwangu."