Vidato vya Mlingoti

…tumbili tena, kila mti tumbili, wageni wote wameinua shingo na simu, na dada yake anamvuta kanga, "Angalia, mwenzangu, kambeba mtoto tumboni!", yeye anaitikia ndiyo, nimemwona, lakini hajaona kitu, anahesabu minazi, wa kwanza, wa pili, wa tatu kutoka kisimani, ndio huu, walimwambia siku ya msiba, na miaka tisa amekataa kuukanyaga mchanga huu, leo kaja kwa sababu dada hakubali hapana, na shamba ni zuri, hilo la kukasirisha, bahari inameta kati ya mashina, kaa wekundu wanakimbilia mashimoni, korongo kasimama mguu mmoja kana kwamba hapa hakufa mtu… "Unakwea minazi ya watu, paa lako mwenyewe linavuja!", hivyo ndivyo alivyomwambia mumewe asubuhi ile, ulimi hauna mfupa, na Nukta, walimwita Nukta kwa ufupi wake, akaiacha chai mezani akatoka, na mchana msimamizi akaja amevua kofia, kaanguka, alipanda na mawazo, shemeji, alipanda na mawazo, mawazo ya nani kama si aliyompa yeye… "Hivi vidato, mama zangu," mtembeza wageni anapigapiga shina lilelile la tatu, "kila mkwezi anachonga vyake kwa hatua yake, na safu yake ya minazi hapandi mwingine. Hii ilikuwa ya mmoja tukimwita Mlingoti. Miguu hiyo!", wanacheka, na yeye anaangalia, jicho la fundi cherehani halihitaji futi, kidato hadi kidato inchi ishirini na mbili, hazipungui, na suruali za Nukta alizikata yeye, zote, kila ya dukani aliipunguza hadi ikabaki kama ya mtoto wa shule, kwa mguu ule hatua isingezidi kumi na tano, angening'inia, angejivuta kwa mikono mpaka juu… na Mlingoti alikuja mazikoni mkono umefungwa bendeji, akalia kuliko ndugu, yeye akadhani ni urafiki tu, kumbe mkono ule haukuweza kukwea, kumbe kuna aliyesema Nukta, panda safu ya mwenzio leo, na Nukta hakujua kukataa, hata kwa mkewe hakujua, hakuwa na mawazo, alikuwa na miguu mifupi… "Dafu, mama?", anapokea, ungekataa, mume wangu, ungewaambia hapana, siku moja tu, ungewaambia… "Unalia nini tena?" dada ananong'ona, wengine bado wanawacheka tumbili, naye miaka tisa amelia akiomba radhi, leo anamlilia Nukta tu.