Msumari Mtupu wa Mjomba Lowell

Katika nyumba ya Mjomba Lowell, hapa Ohio, kuna ukuta ambao wageni huupita wakiwa wameshusha sauti. Umejaa bumerangi za mashindano, vile vibao vilivyopinda ambavyo ukivirusha hukurudia, zote zimechongwa kwa mkono, kila moja kwenye msumari wake. Chini ya kila moja kuna kikadi chenye jina la fundi, aina ya mbao na mtu aliyeshinda nayo. Shule yangu ya bweni ikifungwa, mimi hukaa kwa Mjomba na kuzilinda. Likizo iliyopita nilibandika kikadi kwenye kibaniko cha mkate: "Fundi hajulikani. Hurusha vizuri. Hakirudishi." Mjomba alikisoma kwa heshima zote, akakiacha.

Msumari mmoja ulikuwa mtupu. Uliisubiri kazi ya mwisho ya Emmett Stroud, bumerangi nyepesi ya kushindania muda wa kukaa hewani. Emmett alikuwa amefariki, na mjane wake, Bi Ardis, ndiye aliyekuwa nayo. Mjomba alikuwa ameiota miaka na miaka, hata alipopigiwa simu aende kuichukua, alivaa tai.

Tulimkuta Bi Ardis kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba yake, amekalia kiti cha kukunja, bumerangi mapajani.

"Ni yako, Lowell," alisema. "Irushe kwanza."

"Hapa?"

"Ulitaka kuirushia kanisani?"

Mjomba alikohoa. "Haijawahi kurushwa hii, Bi Ardis. Ikipata hata mkwaruzo mmoja..."

"Emmett hakuwa akichonga mapambo. Asiyeirusha haondoki nayo."

"Mjomba," nikasema, "nikushikie tai?"

"Nyamaza, binti."

Aliipasha moto kwa viganja, akaikunja ncha ya bawa kidogo sana, kama mtu anayemrekebishia mtoto kola. Akadondosha unyasi kuangalia upepo. Kisha, akiwa amefumba macho, jambo ambalo hakuna mchezaji anayelifanya, akairusha.

Ilipanda. Ilipofika juu ikalala bapa, ikawa duara la mwanga linalozunguka bila sauti. Nyingine huanza kushuka hapo. Hii ilikutana na hewa ya joto iliyokuwa ikipanda kutoka shamba la mahindi, ikakaa juu yake kama mtu aliyepata kitanda. Tukaanza kutembea chini yake, vichwa vimeinuliwa, tukaingia kwenye mahindi. Bi Ardis alitufuata na kiti chake. Nilihisi kwamba sisi ndio tunaoelea, na kwamba ile iliyo juu imesimama ikitutazama tukipita.

Ikawa ndogo kama kipepeo, kisha kama kope ya jicho. Kisha likabaki anga.

"Imeondoka," Mjomba alisema.

"Unalia?" Bi Ardis akamuuliza.

"Shingo inauma."

"Emmett alitafuta urushaji kama huo maisha yake yote," alisema, akakifungua kiti chake katikati ya mahindi, akaketi, akaendelea kutazama juu.

Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Mjomba aliendesha gari polepole, tai imemwangukia mgongoni, akitabasamu peke yake.

Asubuhi, kwa majonzi yanayostahili msiba, nilibandika kikadi chini ya ule msumari: "Emmett Stroud. Plaiwudi. Ametoka kidogo."

Nilipopita tena, kulikuwa na mstari mwingine, kwa mwandiko wa Mjomba: "Dirisha lisifungwe."