Mistari ya Fundi Cherehani

Mume wangu ni fundi cherehani, na mikononi mwake hakuna kipande cha kitambaa kinachopotea bure. Shambani ni mtu mwingine. Mwaka huo mama yangu alitupatia debe lake la mwisho la mbegu za mahindi, akatuonya kuwa nyingine hana: hizo zikiharibika, tutakula hadithi. Tusipande hovyo. Tuchimbe kina cha kiganja, tufumbate udongo. Ukimomonyoka, turudi nyumbani, ukishikamana donge, tupande. Bwana shamba naye alituelekeza vipimo: mstari hadi mstari sabini na tano, shimo hadi shimo thelathini, punje mbilimbili.

Rasharasha ya kwanza ilipogonga bati, mume wangu aliiacha suruali ya mteja ina mguu mmoja, akabeba jembe na utepe wake mrefu wa kupimia. Nikamkumbusha habari ya kufumbata udongo. Akanijibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jioni alirudi amekunja uso. Shamba limeisha, na debe bado lina zaidi ya nusu. Nikaenda kuangalia. Kati ya mstari na mstari mkokoteni ungepita bila kugusa kitu. Nilipomuuliza alipima vipi, akanionyesha sabini na tano kwenye utepe, upande wa inchi, ule anaoshonea miaka yote. Nilicheka hadi nikakaa chini. Akanuna, akakataa hata kwenda kujaza mapengo.

Kisha mvua ikakata. Wiki mbili za jua kali, miche yote ikakauka. Hapo kicheko kiliniisha, nikaogopa kwelikweli. Debe lile tukalifunika vizuri, tukangoja. Mvua ya kweli iliponyesha siku tatu mfululizo, mume wangu alichimba, akafumbata, akaniletea donge hadi jikoni nilishike mwenyewe. Ndipo akapanda upya, kwa sentimita.

Mama alipokuja kututembelea, mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nikamsimulia jinsi miche ya kwanza ilivyokufa. Akamsifu sana mkwewe kwa busara ya kubakiza mbegu. Mume wangu akanitazama. Mimi nilikuwa tayari kumsitiri.

"Haikuwa busara, mama," akasema. "Nilipima kwa inchi."

Mama alikuwa ameinama anang'oa magugu, wala hakuinua kichwa. Kumbe muda wote alikuwa anamvisha kilemba cha ukoka.

"Najua, mwanangu. Mwenye busara hapandi kwa rasharasha."