Baba Apata Tisa kwa Kumi

Fomu ilitoka kwa wafadhili wetu wa ng'ambo ikiwa imeshapigwa mihuri. Ilikuwa na dalili kumi za mtu anayeelekea kuwa gaidi. Mwaka huo wa 2008 walitaka itumike kusini mwa Somalia, kwenye vijiji ambako Kiswahili kinaeleweka. Mimi ndiye niliyeitafsiri, katika ofisi yetu ya Kilimani, pamoja na sharti la mwisho: atakayepata saba au zaidi akabidhiwe kwa wanajeshi.

Bosi, mgeni ambaye Somalia hajafika wala hana haja ya kufika, aliniambia niijaribu kwanza kwa mtu wa kawaida. Nikaipeleka nyumbani Kinoo, kwa baba yangu, Mzee Wachira, aliyeokoka mwezi wa Agosti. Nilimkuta anakama ng'ombe.

"Umeacha marafiki wa zamani?"

"Wale walevi? Kabisa, mami. Bwana asifiwe!"

Umebadilisha mavazi? Hapo sikuuliza. Alikuwa na suti na tai, siku ya Jumanne, kwa ng'ombe. Nikaweka alama. Televisheni alikuwa ameigawa, eti ni ya shetani. Alfajiri anaomba kwa sauti, na jogoo wetu huwika baada yake. Dunia inaisha lini? Karibu sana. Yuko tayari kufa kwa imani yake?

"Hata leo. Lakini wacha nimalize kukama."

Tisa kwa kumi. Ya kumi ilikuwa ndevu, na wanaume wa ukoo wetu hawaoti ndevu.

Nilirudi ofisini nimefurahi, sifichi. Nani angetuma fomu inayomwita baba yangu gaidi? Bosi aliisoma mara mbili, akaacha kutafuna biskuti.

"Huyu ni hatari. Anaishi wapi?"

"Ni baba yangu. Ameokoka tu."

Akacheka kwa kweli, akaitoa kwenye faili, akanirudishia. "Basi huyu tumtoe. Wewe unamjua."

"Na wale wa kule, nani atawatoa?"

Alifikiri kidogo. Akasema hilo ni swali zuri sana, akaliandika kwenye daftari lake. Ijumaa fomu elfu mbili ziliondoka, kila neno ni langu.

Jioni, nyumbani, nilitia ile ya baba kwenye moto wa jiko, nikakaa hapo mpaka ikateketea yote. Niliona aibu ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Baba akaniombea kazi yangu ibarikiwe.

Jumatatu nilienda kazini.