Wito wa Saa Tisa

Balaa la kuitwa lilipoingia mtaani, watu wa kwanza kuchekwa walikuwa wale wa kanisa la nyuma ya karakana, eti wanajifungia humo mchana kutwa kwa woga. Haya. Nasema wazi bila kumung'unya maneno: wale waliocheka ndio waliotangulia kutoweka.

Balaa lenyewe lilikuwa hivi. Saa tisa alasiri, jua kali, kila mtu na shughuli zake, mmoja anasikia anaitwa nje ya mlango. Sauti ni ya mtu wake kabisa. Akiitika, kwisha habari yake. Anaweka chini alichoshika, anatoka, harudi. Hakuna damu wala kelele, ila mlango uko wazi na chai haijapoa. Na nani asiyejua kuitika? Mtoto wa kike anafundishwa "abee" kabla hajajua kuvaa viatu, wa kiume "naam". Ulimi unajiitikia wenyewe, akili inafika baadaye.

Mume wa dobi alikwenda hivyo hivyo. Alikuwa anamsaidia mkewe kukunja shuka, mara akageuza shingo akasema, "Naam, mama." Loo! Mama yake alikuwa chumba cha pili, amelala fofofo. Dobi alipofika mlangoni, barabara ilikuwa tupu mpaka kona.

Akabaki na mama mkwe, bibi asiyeona tena, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumpikia wala kumwogesha.

"Mwanangu akikuita utakwenda," bibi alimwambia. "Nakujua. Utaniacha mimi na kuta hizi."

"Mama nawe! Niende wapi na nguo za watu zimelowa?"

Alikuwa anadanganya, na wote wawili walijua. Alimtaka mumewe, hata kama anatokea huko kusikojulikana. Ndiyo maana kesho yake akapiga moyo konde, akamshika bibi mkono, wakaenda kanisani.

Kanisa gani basi! Mabati, viti vya plastiki, dirisha moja lisilofunga. Watu arobaini wamejibana tangu saa nane, kila mtu na kazi yake magotini: huyu anachambua maharage, yule anashona vifungo. Mchungaji hakumpigia hotuba.

"Ni nini, hatujui," alisema. "Nimeomba nijulishwe, sijajulishwa. Tunachokijua ni kwamba kinaita mmoja mmoja. Kwa hiyo tunakaa pamoja. Ukiitwa, ziba mdomo."

"Hilo tu?" Dobi akaguna. "Baba mchungaji, mdomo huu tangu nizaliwe haujawahi kuzibika."

Watu wakacheka, hata mwenye bucha, pandikizi la mtu lenye uso wa kununa mwaka mzima.

Siku nane zikapita. Aliyeitwa alishikwa mikono na jirani zake huku na huku, akauma nguo yake mpaka sauti ichoke. Dobi alianza kulala usingizi. Siku ya tisa walikuwa katikati ya wimbo, mara wimbo ukakatika wenyewe. Nje, chini ya dirisha, mtu akakohoa. Dobi alikijua kikohozi kile.

"Mke wangu."

Punje ya haragwe ikadondoka sakafuni.

"Mke wangu, mbona mmenifungia nje? Nimechoka."

Bibi akaukamata mkono wa dobi kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Ni yeye," akanong'ona. "Ni sauti ya mwanangu kabisa. Usiitike."

Dobi akauma upindo wa gauni lake. Kama sauti ile ingetisha, angeweza kuivumilia, lakini ilikuwa na uchovu uleule wa mumewe akirudi kazini.

"Mke wangu?"

Upindo ukamtoka mdomoni. "A..." Silabi ya kwanza ikaponyoka, na miguu ikamsimamisha bila yeye kutaka.

"Abee!"

Alikuwa mwenye bucha! Mwanamume mzima, sauti nzito kama pipa, anaitika kike. Mchungaji naye, "Abee!" Kisha wote, wanaume kwa wanawake, arobaini nzima, "Abee! Abee!" mpaka mabati yakatetema. Abee ya dobi ikamezwa humo humo, na mtu akamvuta gauni kutoka nyuma, akaketi.

Waliponyamaza, wakatega masikio. Halafu sauti ikarudi, taratibu, sasa imeng'ang'ania dirisha.

"Mke wangu ni yupi?"

Dobi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na moyo ulimuuma vibaya sana.

"Ni yupi kati yenu?"

Kisha nyayo zikasikika kwenye kokoto, zikienda, kwa mwendo uleule wa mumewe, mpaka zikapotea upande wa karakana. Dobi akaangua kilio.

"Tumemfukuza, mama! Amekuja mpaka dirishani na mimi nimemfukuza!"

Bibi akampapasa uso mpaka akayapata macho yake, akamfuta.

"Nyamaza, mwanangu. Yule angekuwa mumeo, asingeuliza. Angeijua sauti yako hata katikati ya watu elfu."