Uji wa Jioni

"Kifuko chako hakijatanuka," daktari alisema, na badala ya kufurahi Mwalimu aliinamisha kichwa.

Miaka michache nyuma daktari huyuhuyu alimpasua, akamwachia kifuko cha tumbo kisichozidi yai, akakiunga na utumbo huko chini. Mwalimu akakonda hasa! Akaliacha darasa la alama za barabarani, alikokuwa amefungiwa kwa sababu ya kitambi, akarudi kwenye gari la shule ya udereva, pembeni ya mwanafunzi, mguu juu ya breki ya pili. Kisha unene ukarudi bila kupiga hodi, mpaka mkanda wa gari ukawa hautoshi tena.

"Wengi wanaorudi kwangu nakuta kifuko kimelegea," daktari aliendelea. "Narekebisha, yanaisha. Wewe kila kitu kiko nilivyokiacha. Nikikupasua tena itabidi niruke sehemu kubwa zaidi ya utumbo. Chakula kitapita bila mwili kukifaidi. Unaweza kuishiwa damu, mifupa ikadhoofika. Na makovu ya mwanzo yapo, kisu kinaweza kugusa pasipotakiwa. Wapo ambao hawakuamka. Sasa niambie ukweli. Unakula nini?"

"Mlichoniruhusu tu, daktari. Haki ya Mungu."

Daktari akatazama sakafu. Mtu akishakuona mwongo na bado anataka kukuheshimu, hutazama sakafu. Fundi, mume wa Mwalimu, aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni, akamshika mkono.

Hakuna aliyemwamini, na hilo lilimuuma kuliko unene wenyewe. Wifi yake alimuuliza mbele za watu, "Hivi wewe, walipokupasua walikupunguza tumbo au walikuongeza la pili?" Watu wakacheka mpaka machozi, naye akacheka nao, afanyeje? Usiku huo alilia kwa uchungu. Fundi peke yake ndiye hakuwahi kumsimanga.

Fundi alitengeneza friji kwenye kibanda nyuma ya nyumba, kwa hiyo mke akitoka kazini humkuta. Kila jioni alikuwa na uji tayari kwenye chupa ya chai. Uliungwa kwa vidonge vyake mwenyewe vya utamu usio na sukari, maana Fundi alikuwa mgonjwa wa sukari na sukari ya kweli haikuonekana mezani kwao. Mwalimu alikunywa taratibu, kikombe kwa kikombe. Muda si mrefu moyo ulimwenda mbio, jasho likamtiririka, akalazimika kulala. Fundi alimpepea na kumpangusa. "Pole, mama. Mwili wako mgumu, lakini mimi nipo." Majirani walisema ana bahati. Bahati!

Mwalimu alikubali kupasuliwa tena, akalazwa mapema ili aandaliwe. Siku ya kwanza Fundi hakuja, friji la mteja mmoja mwenye bucha lilikuwa limezima na nyama zinaharibika. Jioni ikafika, ikapita. Moyo ulitulia, shuka likabaki kavu. Mwalimu akadhani ni dawa za hospitali.

Siku iliyofuata Fundi akaja na chupa yake, na jasho nalo likaja. Mtaalamu wa lishe, dada mmoja mchangamfu asiyejua kunong'ona, alimkuta katika hali hiyo.

"Umekunywa nini wewe?"

"Uji. Una vidonge vya mume wangu, si sukari."

"Vidonge vile havimtoi mtu jasho namna hii. Aliyepasuliwa kama wewe akilowa hivi, mara nyingi ni sukari imemshukia utumboni kwa mkupuo."

"Haiwezekani. Nyumbani hata kuiweka hatuiweki."

"Basi mimi sijui," dada akasema, akaenda zake. Yeye alikwenda, maneno yakabaki. Mwalimu aliyafukuza usiku kucha na aibu ikimshika. Mume gani mwingine angemvumilia hivi?

Kesho yake, siku ya mwisho kabla ya kisu, Fundi alipommiminia kikombe, Mwalimu alikisukuma upande wake.

"Leo kunywa wewe."

"Uji wa mgonjwa?" Fundi akacheka.

"Nimeshiba. Usimwagwe bure."

Kisha Fundi akakiinua kikombe, akanywa huku akimtazama. Akamimina kingine, akanywa. Akaimaliza chupa yote, akafuta mdomo.

"Mtamu," akasema.

Mwalimu aliangua kilio. Alimwomba msamaha, akamwambia kila kitu, yule dada, lile jasho, zile fikra chafu. Fundi akamkumbatia. "Ni hofu tu, mama. Kesho yatakwisha." Mwalimu akajilaza, moyo mweupe, yuko tayari kwa kisu.

Lakini baada ya kama saa moja Fundi akashikwa na kiu. Aliyamaliza maji ya kwenye kabati, akaenda msalani. Akarudi, akaomba mengine, akaenda tena. Midomo ilimkauka, macho yakawa mazito. Muuguzi aliyekuja kupima presha ya Mwalimu akamwangalia yeye.

"Baba, uko salama?"

"Joto tu."

"Ana sukari," Mwalimu akasema.

Fundi alirudisha mkono nyuma haraka, lakini muuguzi alikuwa ameshakamata kidole. Akatoboa, akatazama kipimo, akatazama tena. "Mungu wangu! Baba, umekunywa soda ngapi leo? Usiondoke hapo, namwita daktari." Akatoka mbio.

Mwalimu aliinuka kitandani polepole.

"Tangu lini?"

Fundi hakujifanya haelewi. "Tangu uliponunua lile gauni jekundu. Ulikuwa unarudi unacheka, umetoka kukaa ndani ya gari na vijana wa watu kutwa. Ukifika, huna shida na mimi. Hata kifuniko kigumu ulifungua mwenyewe."

"Unaweka nini?"

"Maziwa mazito ya kopo. Sukari. Siagi kidogo."

"Dada yako akanivua nguo mbele za watu, na wewe umekaa unajua."

"Nilimkemea baadaye."

"Sipasuliwi tena, Fundi. Wala nyumbani kwako sirudi." Alikuwa na swali moja zaidi, na aliliogopa. "Ulimsikia daktari. Ulikuwa umenishika mkono aliposema wapo ambao hawakuamka. Kesho ungeniacha wanichane?"

Fundi akamtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Ningekuuguza," akasema.