Turubai Lililoganda

Generosa alilivuta turubai kwa mikono miwili, likakataa. Mvua ya jana jioni ilikuwa imeganda, na sasa turubai na gari vilikuwa kitu kimoja, kama ukoko na sufuria. Akaweka mguu kwenye tairi, akavuta kwa nguvu zake zote. Likabanduka upande mmoja, na rangi ya boneti ikalifuata.

Akatazama juu. Dirishani, ghorofa ya kwanza, mumewe Evans alikuwa ameketi na koti lake, kofia ya sufu kichwani, akimwangalia.

Gari lile Evans alikuwa akililea. Tangu wahamie Barking, huku ughaibuni, kila majani yalipoanza kupukutika ni yeye aliyebadilisha kulenti, yale maji ya injini yasiyoganda, akapaka mafuta mipira ya milango isishikane na barafu, akaliwasha hata siku zisizo na safari ili betri isife. Mwaka huu figo zilimshinda. Akawa anaishi kwa mashine ya kuchuja damu, na gari likamwangukia mkewe. Generosa alinunua turubai la plastiki sokoni, akalikaza kwa kamba. Evans alipomwambia kwamba plastiki inashika maji, bora kitambaa, alikuwa ametoka kazini amechoka. "Litafaa tu, Baba Tevin," akajibu.

Jumamosi theluji ilizuia gari la hospitali kuja, Evans akakosa kuchujwa damu. Leo Jumatatu, alfajiri, hospitali wakapiga simu kwamba gari haliji tena, barabara zinateleza kama kioo. Nesi hakumficha kitu. "Mlete kwa njia yoyote. Asipoingia kwenye mashine leo, moyo unaweza kusimama." Generosa akaita ambulensi, akaambiwa asubiri, wagonjwa ni wengi mno. Akatafuta teksi, hakuna dereva aliyekubali.

Turubai lilipotoka lote, mlango wa dereva ulikuwa umeshikana kabisa. Akavuta kishikio, kikamkatikia mkononi. Akazunguka upande wa abiria, ukaachia, akajiburuta hadi kwenye usukani. Akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Akajaribu tena. "Yesu wangu, waka," akasema kwa sauti. Safari hii likanguruma.

Alicheka peke yake kama mwendawazimu. Lakini kioo cha mbele kilikuwa cheupe tupu, haoni hata boneti. Akakwangua barafu kwa kiplastiki cha Evans cha kukwangulia, kikavunjika. Akakwangua kwa kucha. Halafu akapanda ngazi mbio, akachemsha maji, akashuka na birika mkononi bila hata kumtazama mumewe, akayamwaga yote juu ya kioo.

Kioo kikalia kwa kishindo kikavu. Ufa ukakimbia kutoka kona hadi kona, ukazaa nyingine, mpaka kioo chote kikawa utando wa buibui. Na wakati amesimama hapo na birika tupu, injini nayo ikatetemeka, ikazimika. Alipozungusha ufunguo safari hii, haikutoa hata sauti.

Generosa akapiga magoti kwenye theluji. Hakulia. Alihisi tu kwamba mikono yake yote miwili imemuua mumewe.

Mlango uliokuwa karibu ni wa Ghalia, Mzanzibari wa nyumba ya chini. Hawakuwa wakisalimiana. Ghalia alikuja mapema mwezi ule kusema kwa upole kwamba turubai likipigwa na upepo linamwamsha mama yake mgonjwa, na Generosa akamjibu kwamba kama hataki upepo arudi kwao Unguja.

Akagonga kwa ngumi.

"Nani?"

"Mimi, Mama Tevin." Mlango ukafunguka kidogo. "Dada Ghalia, nilikukosea, najua. Nitukane unavyotaka, lakini nisaidie kwanza. Evans anakufa."

Ghalia, kanga kichwani, akatazama kile kioo nyuma ya bega la Generosa.

"Umekitia maji ya moto?"

"Ndiyo."

"Haya. Kamvishe mumeo viatu. Mie natoa gari."

Gari la Ghalia lilikuwa chini ya kitambaa kizito alichokibana milangoni. Kilitoka kwa mvuto mmoja, na kioo chini yake kilikuwa kikavu. Generosa alikiona, akakumbuka Evans alivyomwambia, bora kitambaa.

Katikati ya ngazi Evans akakaa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, miguu imevimba hadi viatu havikufungwa. "Niache nipumzike," akanong'ona.

"Usikae, baba! Simama!"

Hakuweza kumwinua. Ndipo Ghalia, ambaye hata mkono hakuwa akimpa mwanamume asiye maharimu yake, yaani ndugu wa karibu, akapanda, akapitisha bega chini ya kwapa la Evans. "Bismillahi," akasema, wakamnyanyua.

Njiani gari liliteleza mara kadhaa, na kwenye mzunguko lilipanda ukingo wa barabara. Hospitalini walimpima moyo, mashine ikalia, manesi wakakimbia naye, mlango ukafungwa.

Ilikuwa mchana walipomruhusu Generosa kuingia. Damu ya Evans ilikuwa ikizunguka kwenye mirija, uso umeanza kupata rangi. Nesi alikuwa amemwambia kwamba wangechelewa kidogo tu, Evans asingekuwa hai.

"Gari limekwisha?" Evans akauliza.

"Limekwisha. Uliniona na lile birika. Mbona hukunizuia, Baba Tevin?"

"Nilikuita. Nilifungua dirisha nikakuita." Akavuta pumzi. "Sauti haikutoka."

Generosa akaulalia mkono wake uliovimba, na hapo ndipo alipolia.

Alipotoka, Ghalia alikuwa bado kwenye kiti cha korido, vikombe viwili vya chai sakafuni. Generosa akaketi kando yake.

"Lile neno nililokwambia, la kurudi Unguja..."

"Lile linaniuma mpaka leo," Ghalia akasema. "Tutalizungumza, lakini si sasa. Kunywa, inapoa."